Fahali wa Kuka na Data Isiyo na Kikomo

Ukweli kuhusu kuvunjika kwa mguu wa mzee Shitanda ulijulikana na watatu tu: mzee mwenyewe, mjukuu wake Beverly, na nyoka. Nyoka alikuwa wa plastiki, kwa hivyo hakutarajiwa kutoa ushahidi.

Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali mzee alielezwa jambo lile lile, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri. "Ni matope," mzee alisema. "Mvua ya mwaka huu haina adabu. Niliteleza nikaingia kwa shimo la hawa watu wa dhahabu." Wageni waliwalaani wachimbaji wanaoacha mashimo wazi, wakailaani mvua, wakanywa chai, wakaenda zao. Hakuna aliyemlaani Beverly, aliyekuwa ameketi pale pale kwenye kigoda akichambua mboga kwa uchamungu usio wa kawaida yake.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Aprili, Beverly alimlaza nyoka wake wa kijani juu ya rundo la nyasi za nepia, akajibanza nyuma ya zizi kumsubiri mjomba wake Bramwel. Aliyekuja kuchukua nepia hakuwa Bramwel. Alikuwa Kuka, maana ndivyo wajukuu wa boma lile wanavyomwita babu, kama wanavyomwita bibi Kukhu, naye, pamoja na miaka yake sabini na minne, aliruka mruko ambao katika michezo ya shule ungempatia cheti. Kuruka aliruka vizuri. Ila pale alipotua ndipo palipokuwa na shimo.

Akiwa humo ndani, matope hadi kiunoni, mzee alimtazama nyoka, kisha akamtazama mjukuu wake aliyekuwa amesimama mdomo wazi.

"Beverly."

"Abee, Kuka."

"Toa huyo mdudu hapo kabla kukhu yako hajafika."

Basi. Hospitalini walipomuuliza alisema matope, na nyumbani akasema matope, na Jumapili kasisi alipokuja kumwombea, hata Mungu aliambiwa ni matope.

Beverly hakuwa mgeni wa adhabu. Katika bweni lake alijulikana tangu kidato cha kwanza, na muhula uliotangulia alikuwa amekaa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kuigiza sauti ya mwalimu mkuu kwenye kipaza sauti, akitangaza kwamba shule imefungwa kwa sababu ya ukosefu wa maharagwe. Wasichana mia tatu walifunga masanduku. Mpishi naye alifunga lake. Adhabu ya siku ile aliipokea kama mtu anayepokea cheti. Lakini kusamehewa bila hata kugombezwa, hilo hakulizoea. Lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Na lililouzidisha mfupa ule ni Hakimu.

Hakimu alikuwa fahali wa mzee Shitanda, mweusi, mwenye baka jeupe katikati ya macho, na aliitwa hivyo kwa sababu hukumu zake uwanjani hazikuwa na rufaa. Sasa alikuwa amezeeka. Mzee alikwisha kutangaza kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi, pale kwenye uwanja wa mafahali wa Malinya, Hakimu angepigana mara ya mwisho, na Tyson, fahali wa jirani yao Shikanga, kisha astaafu akale nepia kwa heshima. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee hakuwahi kukosa pigano la fahali wake hata moja. Harusi alikosa. Ubatizo wa bintiye alikosa. Pigano, hapana.

Sasa daktari alikuwa amesema wiki sita kitandani.

"Basi nibebwe na kitanda changu," mzee alipendekeza. "Vijana wanne, kila mmoja mguu wake."

"Shitanda," alisema mkewe, Kukhu Dinah, bila kuacha kukoroga sufuria. "Kitanda kikionekana kinatoka hapa na mtu juu yake, kabla hakijarudi majirani watakuwa wameshachimba kaburi na kupika."

Mzee akageukia ukuta. Hakula jioni ile. Beverly, aliyekuwa amemletea sahani, alisimama mlangoni akiutazama mgongo ule mkubwa uliogeuzwa, ndipo alipoahidi.

"Kuka, utaona pigano. Ukiwa hapa hapa kitandani. Mubashara, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Naapa."

Mzee aligeuka polepole. "Na mluzi wangu?"

Hilo lilikuwa swali zito. Katika desturi ya Malinya, mwenye fahali husimama nyuma ya fahali wake na kumtia moyo, na Hakimu alijua sauti mbili za bwana wake kama Mkristo anavyojua amri kumi. Ya kwanza ilikuwa mluzi wa noti tatu, uliomaanisha sukuma. Ya pili ilikuwa ya nyumbani: mzee akigonga bati na kuita "Twende ingo!", Hakimu alijua kwamba kazi imekwisha na karai la molasi linamsubiri. Pembe zikiwa bado hazijagusana, mwenye fahali anaweza kumwita wake arudi nyumbani bila aibu. Mafahali wamekataana, basi, hata watu hukataana. Lakini ukimwita pembe zikiwa zimeshikana, umesalimu amri, na wanawake wa Malinya watakutungia wimbo utakaoimbwa mpaka Krismasi.

"Na mluzi wako pia," Beverly alisema. "Utapitia kwa simu ya Wangila, kwenye spika."

Wangila alikuwa mtangazaji wa uwanja, mwenye spika kubwa iliyofungwa nyuma ya pikipiki. Mpango ukawa huu: Beverly angerusha picha kwa simu yake akiwa uwanjani, mzee angezitazama kwenye ile simu kubwa aliyoletewa na bintiye kutoka Nairobi, na sauti ya mzee ingesafiri kwa kabambe ya Kukhu, ile ndogo ya kubonyeza, hadi kwa simu ya Wangila na kutokea kwenye spika. Beverly aliuchora mpango huo nyuma ya daftari la Kemia, na kwa kweli ndio mchoro pekee wa maana uliokuwamo katika daftari hilo.

Lililobaki ni data. Kwenye simu ya mzee alimuunganishia mpango wa wiki nzima ulioitwa Bila Kikomo. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa za rangi ya machungwa, na chini yake alikuwapo kijana anayecheka meno yote thelathini na mawili.

"Bila kikomo maana yake nini?" mzee aliuliza.

"Maana yake haina mwisho, Kuka. Tazama mpaka macho yachoke."

Mzee Shitanda alikuwa mtu wa kutii. Kwa siku nne alitazama mafahali. Alitazama wa Ikolomani, akatazama wa Shinyalu, akavuka mipaka. Alitazama wa nchi ambako mtu mwembamba mwenye suruali ya kubana humchokoza fahali kwa kitambaa chekundu, akashangaa sana. "Huyu anapigana yeye mwenyewe?" alimwuliza mkewe. "Kwani hana ng'ombe?" Alitazama akila, alitazama akinywa dawa, na alipolala simu iliendelea kutazama peke yake kifuani pake.

Ijumaa mchana ujumbe ukaingia. Beverly ndiye aliyeusoma.

*Mpendwa mteja, umefikia kiwango cha matumizi ya haki. Huduma yako ya Bila Kikomo itaendelea kwa kasi iliyopunguzwa hadi Jumatatu. Vigezo na masharti kuzingatiwa.*

Aliusoma mara tatu, jinsi mtu anavyosoma matokeo yake ya Hisabati akitumaini kwamba yatabadilika kwa huruma. Kisha akavitafuta hivyo vigezo na masharti. Vilikuwapo, chini kabisa ya ukurasa, chini ya yule kijana mwenye meno, kwa maandishi madogo kama siafu waliokanyagwa. Kwamba kikomo cha Bila Kikomo kilikuwa gigabaiti tano. Kwamba baada ya hapo mteja hakatiwi, anapunguziwa tu mwendo. Kwamba mteja haruhusiwi kununua mpango mwingine juu ya huu mpaka huu uishe. Beverly alifikiri kumgawia mzee data kutoka kwa simu yake mwenyewe, lakini simu yake ingekuwa Malinya, vilima viwili mbali. Laini ya Kukhu ilikuwa na kazi ya sauti. Simu ya Bramwel ilikuwa kwa fundi kule Lubao tangu Pasaka, na fundi alikuwa anasema kesho tangu Pasaka.

Alijaribu. Alisimama uani, akarusha picha ya jogoo aliyekuwa akitembea kwa madaha kando ya tangi la maji, kisha akakimbia ndani kuona. Kwenye simu ya mzee kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikazunguka tena, halafu jogoo akatokea, safi kabisa, kila unyoya mahali pake.

"Inaonyesha!" Beverly alisema kwa furaha.

Wakati huo huo Kukhu akapita mlangoni. Mkononi alikuwa amemshika yule jogoo, tayari amechinjwa, miguu juu, kichwa chini, maana Jumamosi kungekuwa na wageni. Mzee alimtazama jogoo wa mlangoni. Akamtazama jogoo wa kwenye simu, aliyekuwa sasa anajiandaa kuwika.

"Beverly," alisema. "Hii simu inaonyesha marehemu."

Hapo ndipo ungekuwa wakati wa kusema ukweli. Beverly alijua hivyo, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri. "Hiyo niliirekodi asubuhi, Kuka," alisema. "Najaribu tu. Kesho itakuwa mubashara kabisa, utaona kitu kikifanyika."

Alijiambia kwamba dakika moja au mbili si kitu. Fahali huanguka vile vile, hata ukimwona ameanguka baadaye.

Jumamosi alfajiri Hakimu aliondoka nyumbani kwa isukuti, ngoma kubwa mbele na ndogo nyuma, Bramwel ameshika kamba, Beverly akitembea kinyumenyume na simu yake juu. Chumbani, mzee Shitanda alikuwa amevalishwa koti lake la uwanjani na kofia, na shuka hadi kifuani. Kabambe iliegemezwa kwenye mto karibu na mdomo wake. Simu kubwa ilisimamishwa juu ya tumbo lake kwa msaada wa kitabu cha nyimbo za kanisa.

Uwanja ulikuwa umejaa. Watu walisimama kwenye vichuguu, wengine juu ya miti, na Wangila alikuwa amekwisha kuegesha pikipiki yake. Simu ya mzee ikapokewa, spika ikakohoa.

"Mulembe!" sauti ya Shitanda ikanguruma juu ya vichwa vya watu.

"Mulembe!" uwanja ukajibu, na wengine wakapiga makofi, maana hawakutarajia kusalimiwa na mgonjwa.

"Nawaona!" mzee akaendelea kwa fahari. "Nawaona nyote! Bramwel, hapo kwa kanisa pana utelezi, mpitishe pole pole!"

Watu wakacheka. Kanisa lilikuwa nyuma kabisa. Hakimu alikuwa amelipita karibu dakika kumi zilizotangulia, na sasa alikuwa katikati ya uwanja akinusa majani.

"Mzee anaota!" alisema Wangila, naye akacheka.

Beverly hakucheka. Hazikuwa dakika mbili tena. Kila kiduara kilipozunguka, picha ilingoja, halafu ikaendelea kutoka pale ilipoachia, na hivyo Kuka alikuwa akibaki nyuma zaidi na zaidi, kama mtu anayefuata mazishi kwa punda.

Alimkimbilia Wangila. "Uncle, nipe maiki kidogo nimwambie Kuka kitu."

"Kitu gani na fahali wanaingia? Msichana, shika kamera yako!"

"Ni muhimu."

"Basi sema, si hii hapa." Wangila akamsogezea maiki.

Beverly akaiangalia. Kumwambia mzee kulimaanisha kuuambia uwanja mzima, pamoja na Shikanga aliyekuwa pale mbele amevaa miwani ya jua saa moja asubuhi, kwamba Shitanda alikuwa akitazama mambo yaliyopita kwa sababu mjukuu wake hakusoma maandishi madogo. Akasita. Isukuti ikapanda, Wangila akatupa maiki kwenye kiti cha pikipiki na kwenda kucheza mwenyewe, mabega yakimtetemeka. Na Tyson akaingia uwanjani.

Tyson alikuwa mwekundu, kijana, na mwenye shingo kama gunia la mahindi. Mafahali wakatazamana. Hakimu alikwaruza matope kwa kwato, polepole, kama hakimu anayefungua faili. Akageuza kichwa. Akatafuna kitu. Akatoa ulimi. Muda ukapita mrefu hadi watu wakaanza kunung'unika.

"Huyo babu amekuja kulala!" Shikanga alipiga kelele. "Mleteeni blanketi!"

"Wewe Shikanga," Bramwel alimjibu, "fahali wako anakojoa. Nani anaogopa hapo?"

Ndipo pembe zikagongana. Mlio wake ulikuwa kama wa shoka kwenye gogo bichi. Beverly alisahau data, akasahau nyoka, akasahau hata kupumua. Tyson alisukuma, Hakimu akarudi hatua tatu, nne, tano. Halafu fahali yule mzee akatia pembe ya kushoto chini ya taya la Tyson, akaiinua, na kuanza kumrudisha alikotoka, hatua moja baada ya nyingine, bila haraka. Miguu ya nyuma ya Tyson iliteleza. Uwanja ukapiga yowe. Shikanga akavua miwani.

"Sukuma, Hakimu!" Beverly alilia. "Sukuma, baba!"

Wakati huo, vilima viwili kutoka hapo, mzee Shitanda alikuwa akitazama fahali wawili wanaotafuna. Alikuwa amewatazama muda mrefu. Kwenye kioo cha simu Hakimu aligeuza kichwa, akatoa ulimi, kiduara kikazunguka, Hakimu akageuza kichwa tena. Kutoka kwenye kabambe zilisikika kelele, lakini kwa kabambe ya Kukhu ngoma, vigelegele na mvua ya mawe vyote ni sauti moja. Mzee aliona jua limeingia dirishani. Aliwaza juu ya rafiki yake mzee, amesimama juani na ulimi nje, mbele ya kijana asiyetaka kuanza. Akaona hapana, inatosha. Wamekataana. Hakuna aibu.

Akachukua kikombe chake cha bati, akakigonga kwenye chuma cha kitanda.

Spika ya Wangila ikalipuka. *Ko! Ko! Ko!* "Hakimu we! Wamekataana! Acha huyo mtoto, mzee mwenzangu! Twende ingo! Twende ingo!" Kisha kikohozi, mara mbili mbili, kama kawaida yake.

Masikio ya Hakimu yalisimama. Aliichomoa pembe yake chini ya taya la Tyson kwa utaratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Akageuka. Hakukimbia. Alitembea, umati ukampisha, akaifuata njia ya kanisa kuelekea nyumbani, kamba ikiburuta nyuma yake na Bramwel nyuma ya kamba. Tyson alibaki ameinamisha kichwa, akisukuma hewa, mshindi asiyejua amemshinda nani.

Halafu Shikanga akaruka juu.

"Amesalimu! Shitanda amesalimu amri kwa mdomo wake! Mmesikia?"

Walisikia. Wanawake upande wa pili walikuwa tayari wameanza kutafuta sauti ya kwanza ya wimbo, na ilikuwa na jina la Shitanda ndani yake. Mzee Phanuel, mwamuzi wa uwanja tangu enzi za baba zao, aliinua fimbo yake taratibu.

"Sheria ni ya zamani kuliko mimi," alisema. "Mwenye fahali akimwita wake, na pembe zimeshikana…"

Beverly alimwona Kuka akilala na uso ukutani, si kwa wiki sita, bali mpaka Krismasi. Alimwona pia ndani ya shimo, matope hadi kiunoni, akisema toa huyo mdudu. Akaokota maiki kwenye kiti cha pikipiki, na kidole chake kikaikata simu ya Wangila, iliyokuwa imechomekwa kwenye spika.

"Ni mimi," alisema.

Vichwa vikageuka.

"Si Kuka aliyeita. Ni mimi. Nilimwigiza." Na kabla mtu hajabisha, alishusha sauti yake hadi ilikokaa sauti ya mzee, tumboni, akagonga spika kwa simu yake mara tatu. "Hakimu we! Twende ingo! Twende ingo!" Akamalizia kwa kikohozi, mara mbili mbili.

Ilikuwa kazi safi. Mwalimu mkuu mwenyewe angepiga makofi. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba.

"Huyu ndiye yule aliyefunga shule kwa maharagwe," mtu akanong'ona, na minong'ono ikazunguka uwanja mzima kama moshi.

"Wangila!" Phanuel akaita. "Wewe ndiye mwenye spika. Ni kweli?"

Wangila alikuwa bado anahema kwa kucheza. Alimtazama Beverly, akaitazama simu yake iliyokatwa. Kusema si kweli kulitaka kwanza aeleze alikuwa wapi spika ilipokuwa peke yake. "Mimi…" alisema, "huyu mtoto alikuwa ameniomba maiki. Hilo naweza kuapa."

"Mnafundishwanga nini huko shuleni?" Shikanga aliuliza kwa uchungu wa kweli, maana ushindi ulikuwa umemponyoka mkononi ukiwa bado moto.

Phanuel alifikiri akiwa ameegemea fimbo. Kisha akatoa hukumu. Pigano halihesabiwi. Litarudiwa Agosti, mvua ikiisha. Msichana huyu hatagusa kipaza sauti Ikolomani nzima, kanisani kukiwemo. Na kwa kuwa amemwaibisha Tyson bure, kila asubuhi mpaka shule zifunguliwe atamkatia Tyson nepia, apeleke mwenyewe, na kumwomba msamaha.

"Kumwomba ng'ombe msamaha?" Beverly aliuliza.

"Kwa heshima," Phanuel alisema.

Alipofika nyumbani, jasho na matope mpaka magotini, Hakimu alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa amesimama nje ya dirisha la chumba cha mzee, kichwa chote ndani, akila molasi kwenye karai ambalo Kukhu aliliweka juu ya kiti. Mzee Shitanda alikuwa ameketi wima, kofia kichwani, akimtazama fahali wa dirishani kisha wa kwenye simu, kama mtu aliyepewa kitu kimoja mara mbili.

"Ni Agosti, Kuka," Beverly alianza mara moja. "Watarudia Agosti, utakuwa unatembea, utaona kwa macho yako…"

"Nyamaza!" mzee alisema. "Wameanza!"

Kwenye simu pembe zilikuwa zimegongana. Mzee alijiinua, mguu wa plasta na yote. Hakimu wa simu alirudi hatua tatu, nne, tano, na mzee akatia vidole mdomoni akapiga mluzi wa noti tatu. Hakimu wa dirishani aliinua pua kutoka kwenye karai, akaangalia huku na huku amsukume nani, akaona ni kabati tu, akarudi kula. Pembe ya kushoto ikaingia chini ya taya. Tyson akateleza.

"Mwone! Dinah, njoo umwone! Anamfukuza! Anamfu…"

*Ko! Ko! Ko!* ikasema simu. *Hakimu we! Wamekataana! Acha huyo mtoto…*

Mzee aliganda. "Nani huyo mjinga anamwita?"

Beverly alikitazama kikombe cha bati kilichokuwa bado kitandani.

"Ni mimi, Kuka," alisema. "Niliigiza sauti yako. Uwanja mzima unajua ni mimi, hata Phanuel. Nimepewa adhabu tayari."

Kutoka kwenye simu kikasikika kikohozi, mara mbili mbili. Kifuani mwa mzee, kama mwangwi, kikapanda kingine. Akajaribu kukizuia, lakini kilitoka. Mara mbili mbili. Kiduara kikaanza kuzunguka, picha ikasimama, na hapo ikabaki: mgongo mweusi wa Hakimu ukiondoka uwanjani.

Mzee alichukua kikombe chake, akakigeuzageuza, akakiweka chini ya mto.

Kukhu Dinah aliingia akipangusa mikono kwenye kitenge. "Kelele za nini? Na huyu mbona karudi mapema na watu wote bado wako huko? Kumetokea nini Malinya?"

Beverly alifungua mdomo, lakini mzee alimtangulia. Alikuwa amenyoosha mkono dirishani na kumkuna Hakimu katikati ya macho, penye baka jeupe.

"Ni matope, Dinah," alisema. "Mwaka huu matope yamezidi."